Kufua, Kukereza, Kuchonga: Historia ya Vipuri katika Nyanda za Juu Kusini

Kipuri cha mashine hakiachi kumbukumbu. Kitabu kikichakaa huwekwa kabatini, nyumba ikibomoka huacha msingi, lakini bushi iliyolika hutupwa katika lundo la chuma chakavu, huuzwa kwa kilo na kuyeyushwa. Fundi aliyeitengeneza hakuandika jina lake juu yake, na mara nyingi hakuchora mchoro wowote. Kwa sababu hiyo, historia ya ufundi wa vipuri vya injini katika Mbeya na Iringa ni ngumu kuandikwa kwa njia ya kawaida ya wanahistoria, ambao hutaka nyaraka na mihuri. Hata hivyo sisi wapenzi wa lugha tunao ushahidi ambao hauyeyuki upesi, nao ni vitenzi. Katika makala haya ninakusudia kuonyesha kwamba vitenzi vitatu, yaani kufua, kukereza na kuchonga, vimehifadhi tabaka tatu za historia hiyo, na kwamba tabaka la tatu limo hatarini kupotea kabla halijaandikwa.

Kufua

Kufua chuma ni kitenzi cha kale kuliko Kiswahili chenyewe. Wabemba wa Zambia husema kufula, Wachewa husema kusula, nasi tumeidondosha ile l tukabaki na kufua. Wataalamu wa isimu hukirudisha kitenzi hiki kwenye mzizi mmoja wa Kibantu. Maana yake ni kwamba waliotutangulia walikuwa na neno la kugonga chuma moto zamani sana, kabla ya lori la kwanza kupanda mlima wa Kitonga.

Katika Nyanda za Juu Kusini neno hilo lilikuwa na kazi kubwa. Huko Ufipa, kusini magharibi, wahunzi walijenga matanuri marefu ya udongo, malungu, yaliyozidi kimo cha mtu. Tanuri la namna hiyo halikuvukutwa kwa mikono. Urefu wake ulivuta hewa yenyewe. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado na takataka nyingi, hivyo kilipelekwa katika tanuri dogo, kintengwe, ambalo lilivukutwa kwa mivukuto, ndipo kikafaa kufuliwa jembe. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda, aliyeichunguza historia hiyo katika tasnifu yake ya mwaka 1995, alibainisha kwamba Ufipa ilipata kuwa na aina tatu za uyeyushaji: katukutu, malungu na barongo. Kusini mashariki, Wapangwa wa Ludewa nao walikuwa na matanuri yao, katika nchi ambayo mlima wake wa Liganga una hazina kubwa ya mawe ya chuma hadi leo.

Watunzi watapendezwa na jambo moja zaidi. Mtafiti Randi Barndon, aliyewalinganisha wahunzi wa Kifipa na wa Kipangwa, alieleza jinsi walivyolitazama tanuri kama mwili wa mwanamke na chuma kama mtoto anayezaliwa. Kulikuwa na dawa za kuwekwa, miiko ya kushikwa na nyimbo za kuimbwa. Kazi ya chuma, basi, ilikuwa kazi ya istiari tangu mwanzo. Mhunzi aliyekosea maneno aliweza kuambiwa kwamba ndiyo sababu chuma kimegoma kutoka.

Majembe ya kutoka Ulaya yalipoenea katika enzi za ukoloni, matanuri yalizimwa moja baada ya jingine. Lakini kitenzi hakikuzimwa. Mhunzi wa kijijini aliendelea kufua kisu na mundu kutokana na vyuma vya magari mabovu. Na sisi leo, tukizungumzia mabwawa ya Mtera na Kihansi, yaliyo katika maji ya nyanda hizi hizi, husema kwamba mitambo yake inafua umeme. Sijui ni mhandisi gani aliyeupokea usemi huo bila kushtuka, ila naona umemfaa. Kitenzi cha nyundo na fuawe kimepewa kazi mpya mahali ambapo hakuna anayegonga kitu.

Kukereza

Kitenzi cha pili kilipanda kutoka pwani. Kukereza, kwa mujibu wa kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, ni kukata kwa mwendo wa msumeno, na pia kuuzungusha mti katika keezo huku ukinyolewa hadi uwe wa duara. Ndivyo yalivyotengenezwa matendegu ya vitanda vya Lamu na Siyu, yenye vifundo na mabonde yaliyopangika. Pwani ilikuwa pia na jiliwa ya kubana kitu, keekee ya kutobolea, tupa ya kusugulia, na parafujo, neno tulilolipata kwa Wareno. Mahali pa kazi pakaitwa karakana, neno la Kiajemi lililotufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi, ambalo asili yake ni kazi na nyumba: nyumba ya kazi.

Msamiati huu ulipandaje hadi kwenye baridi ya Mbeya na Iringa? Ulipanda kwa njia nyingi. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na vituo vya misheni vilihitaji maseremala na wahunzi wa kujenga makanisa na shule. Wajerumani walijenga boma la Iringa mwaka 1896, katikati ya vita vyao na Mkwawa. Waingereza walipoichukua nchi, dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, iliwavuta watafutaji wengi katika miaka ya 1920 na 1930, na mji wa Mbeya ukakua pamoja na dhahabu hiyo. Mgodi unataka pampu, kinu cha kupondea mawe na injini ya kuvizungusha, na kila injini, hata iwe imara kiasi gani, ina siku yake ya kuvunjika. Barabara Kuu ya Kaskazini, iliyopita Iringa na Mbeya, ilileta malori, na malori yakaleta mafundi, wakiwamo Masingasinga waliosifika kote Afrika Mashariki kwa useremala na umakanika.

Kisha siasa ikaigeuza barabara hiyo kuwa mshipa wa damu. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na Zambia, ambayo reli yake ya kwenda baharini ilipita kwao, ikajikuta imefungiwa mlango. Mafuta yakabebwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, na shaba ya Zambia ikabebwa kurudi bandarini. Kampuni ya pamoja ya nchi mbili iliundwa mwaka 1966, ikaleta malori ya Fiat na matrela yake. Barabara ilikuwa bado ya vumbi na utelezi, na madereva wa Kizungu waliiita njia ya jehanamu. Lori lililokatika eksel Makambako au Igawa halikuweza kusubiri kipuri kutoka Italia. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Baada ya lori ikaja reli. Ujenzi wa TAZARA ulianza mwaka 1970, na mwaka 1976 reli ya kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi. Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa kupanda kutoka Mlimba hadi Makambako, penye mahandaki na madaraja mfululizo. Kazi hiyo haikuwezekana bila karakana. Huko Mang'ula, Kilombero, Wachina walijenga karakana ya kuhudumia mitambo ya ujenzi, ambayo baadaye iliachiwa nchi ikawa kiwanda cha zana na mashine. Vijana wa Kitanzania walisimama kando ya mafundi wa Kichina, wakatazama na kuiga, kwani lugha ya kuelezana ilikuwa haba. Katika karakana nilizozitembelea Mbeya nimeonyeshwa mashine zenye vibao vya maandishi ya Kichina, lakini sijasikia neno hata moja la Kichina likitumika kazini. Mkono ulijifunza bila ulimi.

Kuchonga

Tabaka la tatu lilizaliwa na njaa. Sisemi njaa ya chakula, ingawa hiyo nayo ilikuwapo, bali njaa ya vipuri. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikapiganwa mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda, na fedha za kigeni zikakauka. Hadi milango ya biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, na mageuzi ya uchumi yakafuata mwaka 1986, mtu aliyekuwa na gari bovu hakuweza tu kwenda dukani kununua pistoni. Basi liliwekwa juu ya mawe, trekta likaota majani magurudumuni.

Walioumia zaidi walikuwa wale walioitegemea mashine ya kusaga. Katika vijiji vingi vya Iringa na Mbeya, mashine hiyo iliendeshwa na injini ya dizeli ya silinda moja, na jina lililotawala lilikuwa Lister, injini nzito ya Kiingereza ambayo toleo lake maarufu la nguvu za farasi 6 lilizunguka mara 650 tu kwa dakika. Mlio wake ulisikika kutoka kilima hadi kilima, na mama aliyebeba debe la mahindi alijua kwa mlio huo kama safari yake ina faida. Injini hiyo ikinyamaza, wanawake walirudi kwenye kinu na mchi.

Hapo ndipo fundi wa kuchonga alipoingia. Serikali ilikuwa imeunda Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, kwa sheria ya mwaka 1973, na Mbeya na Iringa ni miongoni mwa mikoa iliyopata vituo vya shirika hilo vya kuendeleza teknolojia. Chuo cha ufundi kilifunguliwa Mbeya mwaka 1986, nacho leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Wengine walitoka kwenye reli, wengine kwenye viwanda vya umma, mmoja akapata mashine kuukuu mnadani, akaifunga katika chumba kimoja chenye paa la bati. Hivyo ndivyo karakana ndogo zilivyoenea.

Niruhusu, msomaji, niieleze kazi yenyewe, kwa kuwa lugha yake imo ndani ya kazi. Silinda ya injini hailiki sawasawa. Pistoni huisukuma zaidi upande mmoja, na sehemu ya juu, penye moto, huchakaa kuliko ya chini. Duara linageuka kuwa yai. Fundi huipima kwa vipimo vyake juu, katikati na chini, kisha huipanua kwa nusu milimita, ili ipokee pistoni kubwa kidogo. Injini ikishapanuliwa mpaka ukuta wake umekuwa mwembamba, hapanuliwi tena. Hapo huchongwa silinda mpya ya ndani, bomba la chuma cha kuyeyushwa ambalo kipenyo chake cha nje kinazidi tundu kwa sehemu ndogo kuliko unene wa unywele. Bomba likizidi mno, bloku itapasuka. Likipungua, litacheza, na injini itakufa tena baada ya wiki. Kati ya kupasuka na kucheza pana nafasi isiyoonekana kwa macho, na humo ndimo fundi anamoishi.

Malighafi yake ni mabaki ya historia niliyoisimulia. Shafti mpya huchongwa kutoka katika eksel ya lori la zamani, kwa sababu chuma chake ni kigumu na kimeshazoea mateso. Bushi hutoka katika kipande cha shaba kilichookotwa. Bloku iliyokufa huzaa ringi na vifuniko. Shafti iliyolika huchomelewa ikanenepa, kisha hurudishwa kwenye mashine ikanyolewa mpaka ifikie kipimo chake cha kuzaliwa. Mchana mmoja katika eneo la Mwanjelwa, jijini Mbeya, nilimwona mzee mmoja akiifanya kazi hiyo ya mwisho kwa ajili ya pawatila kutoka mashamba ya mpunga ya Mbarali. Nilimuuliza mashine yake inaitwaje.

"Lethi," akanijibu.

"Na kazi inayofanya?"

"Inachonga."

"Mzee wangu, vitabu vinasema kukereza."

Alitabasamu bila kuondoa macho kwenye chuma. "Basi vitabu viko sahihi, mwalimu. Ila mteja akija hapa anasema nichongee. Akisema nikerezee, nitamuuliza ametoka wapi."

Jibu hilo nimelitafakari mara nyingi. Kukereza ndilo neno barabara, lenye maana hasa ya kuzungusha na kunyoa, nalo limetulia kamusini. Kuchonga ni neno pana, la mvunja jiwe, la mchonga vinyago, la mwanafunzi na penseli yake. Hata vijana wa mitaani wamelichukua, wakisema mtu mwenye maneno mengi anachonga. Kwa nini nyanda za juu zililichagua neno pana na kuliacha lile barabara? Nadhani ni kwa sababu mafundi hawa hawakurithi keezo la pwani. Walirithi shoka na tezo. Mtu aliyemwona babu yake akichonga mwiko na mzinga wa nyuki, alipokutana na mashine inayoondoa kisichotakiwa mpaka kibaki kinachotakiwa, aliitambua kazi hiyo. Hakuazima kitenzi kutoka pwani wala Ulaya. Alikipanua kile alichokuwa nacho nyumbani, kama anavyoipanua silinda.

Ubunifu huo hauishii katika kitenzi. Katika misitu ya Sao Hill, karibu na Mafinga, mbao hupasuliwa kwa mashine ndogo za kuhamishika, nyingi zikiwa zimeundwa katika karakana za huko huko kwa vyuma vya kuokoteza na injini ya dizeli. Mashine hizo huitwa dingdong. Wataalamu wa misitu huzilaumu kwa kupoteza mbao nyingi, na lawama hiyo ina ukweli. Lakini sikio la mtunzi litakubali kwamba jina hilo ni tanakali sauti kamili. Mafundi nao husema injini inakohoa, inakunywa oili, imekufa, imefufuka. Husema chuma kimechoka, kimelewa moto, kimekataa. Nilipoyasikia maneno hayo niliwakumbuka wahunzi wa Ufipa na Upangwa, ambao kwao tanuri lilikuwa mzazi. Tanuri limezimwa, istiari inaendelea.

Kinachopotea

Sasa nije kwenye hatari niliyoitaja mwanzoni. Vipuri vya bei nafuu kutoka China na India vimejaa madukani. Pistoni mpya huenda ikagharimu pungufu ya siku nzima ya mchongaji, na mwenye pikipiki hana haja ya kumtafuta mzee wa lethi. Sililalamikii jambo hilo. Mama wa debe la mahindi anataka unga, si mashairi ya chuma. Hata hivyo mafundi waliojifunza katika miaka ya reli na ya njaa ya vipuri ni wazee. Kila mmoja anayeiacha mashine yake anaondoka na msamiati ambao haukupita chuoni wala kamusini.

Si kwamba wanaleksikografia wamelala. Mwaka 1987 Rajmund Ohly alitoa kamusi ya awali ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili, kupitia taasisi ya ubunifu wa uzalishaji ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, limesanifu istilahi nyingi. Lakini njia iliyozoeleka ni kuanza na orodha ya Kiingereza, kisha kutafuta Kiswahili cha kujaza upande wa pili. Njia hiyo haiwezi kulipata neno ambalo Kiingereza hakikuliuliza. Haitaligundua lile "kucheza" la bushi iliyolegea, ambalo fundi hulitambua kwa kidole kabla ya kipimo, wala "kulewa moto" kwa chuma kilichopashwa kupita kiasi.

Ninachopendekeza ni safari ya upande wa pili: twende karakanani bila orodha. Mtunzi anayetafuta neno la kina lake asiishie kwenye diwani za wakongwe. Akaketi saa mbili Mwanjelwa au Mafinga, asikilize. Aandike neno, aandike na kitendo chake, na mahali aliposikia. Kitenzi cha kufua kiliponea kwa sababu watu walikihamisha kutoka tanurini hadi kwenye bwawa la umeme. Kukereza kumenusurika kwa sababu kuna aliyekaa na mafundi wa pwani akaandika. Maana mpya za kuchonga bado hazijapata mwandishi, na wenye nazo wangali hai, wanajibu wakiulizwa.

Nami nimeanza kwa ubeti mmoja, ambao mafundi wawili wa Iringa wameshausikia, mmoja akausifu na mwingine akaniuliza kama nimeleta kazi ya kuchonga:

Mhunzi katangulia, chuma motoni kafua,
Mkereza kaingia, mashine akafungua,
Maneno yatafifia, kalamu isipojua,
Sema fundi nisikie, niandike ulonalo.